Injini ya Shemeji

Niseme mapema: hasira niliyonayo bado mbichi. Asiyependa maneno makali aende zake akapumzike. Nataka kueleza kaka yangu ni mtu wa namna gani, na nimeshajaribu kueleza kwa upole, imeshindikana.

Kaka ni fundi wa injini. Karakana ni yake, mabati juu, sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka imekuwa nyeusi. Upande wa nyuma, nyuma ya pazia la nailoni, ndipo mimi ninapopaka magari rangi. Wateja wanamwita Fundi Salamu, na hawakukosea. Kaka hawezi kupita mbele ya mtu bila kumjulia hali, tena si hali yake peke yake: ya mke, ya watoto, ya mama mzazi, ya yule aliyekuwa anaumwa mgongo, na ya paka akikumbuka. Gari linaweza kuwa linafuka moshi pale mlangoni, yeye bado anauliza kama wa nyumbani wote wazima. Watu wanampenda sana. Mimi pia nampenda, ni ndugu yangu wa tumbo moja, lakini kuna siku natamani kumziba mdomo kwa tambara la grisi.

Kazi anaijua, hilo hata adui yake habishi. Mtu akitaka kutoa injini dhaifu kwenye gari lake aweke yenye nguvu, ile yenye turbo iliyotolewa kwenye gari jingine, anakuja kwa Kaka, na Kaka anamwambia maneno yale yale. Usiangalie inavyong'aa, iguse. Injini ya mtumba inakaguliwa ikiwa baridi, baridi kabisa, haijawashwa tangu jana yake. Kama ringi za pistoni zimechoka, itakutolea moshi wa bluu pale pale inapoamka. Kama mnyororo wa ndani umelegea, utausikia unagonga kabla oili haijapanda. Muuzaji mjanja anayajua hayo yote, ndiyo maana anaiwasha kabla hujafika. Inapata moto, na oili nzito aliyoijaza inaficha aibu. Wewe ukija unasikia inaunguruma vizuri, unanunua huku unacheka.

Sasa mtu anayewafundisha wenzake hivyo, alimnunuliaje binti yake injini mbovu? Kwa salamu. Nasema kwa salamu, na neno langu siliondoi.

Binti yake tunamwita Kona. Kazi yake ya kila siku ni kusambaza mikate kwa gari la kiwanda, lakini moyo wake uko kwenye mashindano ya kupanda mlima. Barabara ya mlimani inafungwa, gari linaachiwa moja moja, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Kona akiingia kwenye kona hupepesi macho, unasahau hata kutafuna. Ana gari dogo, kuukuu, jepesi, ambalo mimi mwenyewe nimelipaka rangi ya chungwa. Lilichokosa ni injini ya maana. Ile liliyozaliwa nayo ilikuwa inapanda mlima kama mtu anayekwenda kudaiwa.

Ndipo akaingia Shemeji. Huyu ni kaka wa wifi yangu, yaani kaka wa mke wa Kaka. Kwa hiyo kwetu sisi ni shemeji, kwa Kona ni mjomba, tena mjomba wa damu. Ana yadi kubwa ya injini za mtumba, yenye geti la chuma na kibao kinachoonekana kutoka mbali. Mwaka jana Kaka alikwenda kwake peke yake kuchukua injini ya Kona. Alipofika, injini ilikuwa tayari inaunguruma. Wakaamkiana, wakaulizana habari za ukoo mzima, wakanywa chai, wakacheka. Injini ikapakiwa. Kaka hakuigusa hata kwa kidole.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "Dada, ningeanzaje kumpima shemeji yangu? Si ningekuwa nimemwita mwizi kwake?"

Ndivyo tulivyo, jamani. Injini ya mtu baki tunaikagua mpaka tunailamba. Ya mkwe tunaipokea kwa mikono miwili na kushukuru juu.

Siku ya mashindano ile injini ilikwama katikati ya kona. Pistoni zilishikana, magurudumu ya mbele yakagoma kuzunguka, na gari likaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe. Lilipigia ubavu wa dereva, kwenye mlango ambao juu yake mimi kwa mkono wangu, bure, nilikuwa nimeandika jina la yadi ya Shemeji kwa herufi za bluu. Mfupa wa bega la Kona ulivunjika vipande. Mpaka leo kuna chuma humo ndani, na trei ya mikate anaibeba kwa mkono mmoja. Shemeji alikuja hospitali na mfuko wa matunda. Akalia. Akasema ni bahati mbaya. Nilitaka kumjibu, Kaka akanikanyaga mguu.

Haya. Msimu wa mashindano ukarudi, na Kona akasema anarudi mlimani. Mama yake alilia, baba yake akazunguka karakana siku nzima ameshika spana bila kufungua kitu. Mwishoni Kaka alitoa neno: atamruhusu kwa sharti moja tu, apatikane injini ambayo yeye mwenyewe ataiamini. Isipopatikana, gari linauzwa na mambo ya mlima yameisha. Kona alikubali. Nilimwona anakaza taya ili asilie.

Na injini hiyo ya kuaminika, Kaka akaenda kuitafuta wapi? Thubutu kukisia! Kwa Shemeji.

"Wewe una akili timamu?" nilimuuliza.

"Wifi yako ameniomba," akasema. "Anasema tukienda kwa mwingine, kaka yake ataona tunamlaumu."

"Si tunamlaumu kweli!"

"Tunamlaumu wewe na nani? Punguza sauti."

Tena alikuwa ameshampigia simu kumwambia tunakwenda asubuhi. Adabu hiyo! Anampa mtu taarifa ili apate nafasi ya kuipasha moto vizuri. Nikavua aproni ya rangi, nikasema na mimi naenda. Njiani Kaka akaniomba jambo moja tu, nisimvunjie heshima. Nikamwambia nitajitahidi, na Mungu ni shahidi kwamba nilijitahidi mpaka getini.

Shemeji alitupokea sote watatu, Kaka, Kona na mimi, kwa mikono yote miwili. Mtu wa watu, shati limepigwa pasi, kicheko kinatoka tumboni. "Karibuni, karibuni! Mama Rangi na wewe umekuja? Leo yadi imepata baraka! Mpwa wangu, bega vipi? Hali za nyumbani? Dada yangu hajambo?" Kaka naye akafunguka, akaanza kumwaga salamu zake kama amefungua bomba. Waliposhikana mikono hawakuachiana.

Mimi nikawapita.

Injini ilikuwa kivulini, imekalishwa juu ya tairi kuukuu, imefunikwa turubai. Nilipoinua turubai nilikutana na harufu kabla sijaona kitu. Mimi nimepaka rangi tangu nikiwa msichana. Rangi mpya ikiwa baridi ina harufu yake, na ikipata moto ina harufu nyingine, kali, inayokaa kooni. Ile ilikuwa rangi mpya iliyopata moto. Injini nzima ilipakwa rangi ya fedha, inameremeta kama bibi harusi. Mpaka vichwa vya bolti vimepakwa. Mpaka kwenye maungio ambako gasketi hutokeza, ambako fundi yeyote angetaka kuona kama kuna oili inavuja, rangi imepita juu yake. Nikaweka kiganja. Ilikuwa ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

"Kaka!" nikaita. "Njoo ushike hapa."

Salamu zikakatika. Shemeji akacheka. "Ah, jua hilo, shemeji. Jua la leo kali."

"Jua linapita chini ya turubai? Na kivulini? Jua lenu hapa lina miguu?"

"Niliijaribu kidogo tu, kuhakikisha isije ikawaaibisha."

"Nani aaibike, injini au wewe?"

Kaka akanishika kiwiko akanivuta pembeni. Alikuwa ametoka jasho. "Dada, umeniahidi nini njiani? Huyu ni ndugu wa mke wangu. Leo nikisema nasubiri ipoe, nimeshasema yeye ni mwongo. Nitamwangaliaje mama Kona usoni?"

Damu ilinichemka, sifichi. Nilimwambia kwamba mke wake anaweza kununa mwezi mzima na kununa hakujawahi kuvunja mtu bega. Nilimwambia mengine pia, ambayo siyarudii. Kaka alisimama ameinamisha kichwa, na hilo ndilo linaloniudhi kwake kuliko yote: ukimtukana anakusikiliza kwa heshima.

Shemeji akaona mwanya. "Tuiwashe msikie wenyewe," akasema, tayari ameshika waya za betri. "Inalia vizuri hiyo. Nimekataa wateja wawili kwa ajili ya mpwa wangu."

Kona akatupita sote. Akatembea mpaka kwenye ile injini, akavuta tairi jingine, akakaa mbele yake, akakunja mikono juu ya mapaja. Akasema, "Baba, ndani ya gari ninakaa mimi. Nyinyi mnasimama pembeni."

Basi. Hakupiga kelele. Kaka alimtazama yule binti aliyekaa bega moja juu, jingine chini, kisha akamgeukia Shemeji. "Tutasubiri ipoe," akasema.

Kicheko cha Shemeji kilikauka. Akasema ana wateja. Akasema atatoka, ana safari. Akasema hajawahi kudhalilishwa hivi na watu wa nyumbani, na kwamba hata wageni wanamwamini. Akaleta chai, hakuna aliyeigusa, hata Kaka, na mimi nilikitazama kile kikombe cha Kaka kikipoa nikafurahi kuliko ninavyoweza kusema. Nikavuta tairi langu nikakaa karibu na Kona. Kaka akabaki wima. Jua likapanda, likaanza kushuka. Kila mara nilikuwa naweka kiganja, nasema, "Bado." Nilikuwa nasema kwa nguvu, wateja wa getini wasikie.

Mwishowe nikashika, sikusikia joto. "Baridi," nikasema. "Haya, bwana wa wateja wawili. Iwashe."

Iligoma mara ya kwanza. Ya pili ikaamka ikigonga ndani kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, na moshi ukatoka. Moshi wa bluu, mzito, ukatambaa juu ya injini nyingine, ukafika mpaka getini. Kona alikohoa akajifuta macho. Kaka alifumbata mikono yake nyuma ya mgongo, akaisikiliza mpaka ikapata moto, mpaka kule kugonga kukapungua na moshi ukafifia, na ile sauti nzuri ikarudi. Ile ile aliyoisikia mwaka jana akinywa chai.

"Izime," akasema.

Shemeji akaizima. "Mtumba wote hutoa moshi kidogo ukiwa baridi," akaanza.

"Na ile ya kwanza?" Kaka aliuliza. Sauti yake haikupanda. "Ile ya mwaka jana nayo uliipasha moto kabla sijafika?"

 Shemeji akatazama lile tairi chini ya injini. "Ile ilikuwa inafaa kwa mizunguko ya kawaida," akasema. "Ningejua mtoto ataikimbiza vile..."

Hapo sikuweza tena. "Ungejua? Ulikuwa umesimama pale mlimani unapiga makofi! Umevaa kofia yenye jina la yadi yako! Jina lako liliandikwa mlangoni, niliandika mimi, ulinisimamia ukiniambia niongeze ukubwa wa herufi! Huyu ni mpwa wako! Ulimbeba mgongoni huyu! Mtu baki ungemuuzia nini, jeneza?" Nilimpa vidonge vyake vyote, na yadi nzima ikaacha kazi kutusikiliza.  Shemeji alikuwa anatazama saa yake bila sababu.

Nilipoishiwa pumzi, Shemeji akamgeukia Kaka. Akajilazimisha kutabasamu, akanyoosha mkono. "Shemeji, mambo ya biashara yasituvunjie undugu. Wewe ni mtu mwelewa."

Nimemjua kaka yangu maisha yangu yote. Sijawahi kumwona ameacha mkono wa mtu hewani. Alimsalimia hata yule aliyemwibia jeki, akamuuliza na habari za mama yake. Nikajua anakwenda kuushika. Lakini mkono wake ulikuwa kwenye bega la Kona, lile lenye chuma, na haukuondoka pale. Akamgeuza binti yake taratibu, wakaelekea getini. Mimi nikafuata nyuma. Mkono wa Shemeji ulikuwa bado umenyooka tulipotoka.

Ng'ambo ya barabara kuna yadi ndogo, chafu, ya mzee wanayemwita Kisirani. Wateja wanamkwepa kwa sababu hana lugha nzuri. Pale mbele alikuwa na nusu gari, kipande cha mbele kilichokatwa na msumeno, na ndani yake injini yenye turbo, imejaa matope makavu, nyaya zake zote zikining'inia, kompyuta ndogo inayoiongoza imefungwa kwa kamba. Hakuna rangi hata tone. Kona ndiye aliyeiona kwanza.

Kaka alivuka barabara akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile injini, akaweka kiganja juu yake.

"We!" Mzee Kisirani akafoka kutoka kwenye kiti chake. "Unaingia kwa watu bila hata hodi?"

"Salamu zitakuja," Kaka akasema. "Ngoja kwanza nishike."

Nilishika mdomo. Ilikuwa baridi. Kaka akafungua kifuniko cha oili akakichungulia, akapitisha kidole ndani, hakuna ule utando mweusi kama lami. Akaingiza kidole kwenye mdomo wa turbo akaitikisa ile feni yake ndogo, haikuwa imelegea. Akatoa plagi moja moja, akakagua rangi zake, akachomeka geji ya kupima mgandamizo, silinda hadi silinda, na Kona akiwa ameinama karibu naye anasoma. Zilikuwa zinalingana. Mzee akasogea akiwa amenuna. "Gasketi ya chini inavuja," akasema. "Msije mkaniambia sikusema. Na hilo bomba moja la maji limepasuka, nunueni jingine."

Walipoiwasha ilikohoa, ikashika, ikatulia. Hakuna kugonga. Hakuna bluu. Kona aliiegemea akafumba macho, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kaka akamwambia, "Hii nakubali." Kisha akajifuta mikono, akamgeukia Mzee Kisirani, akamwamkia kwa unyenyekevu wote, na akaanza: habari za nyumbani, watoto, afya, biashara. Mzee alichanganyikiwa. Nadhani ilikuwa miaka hajaulizwa.

Tulirudi nyumbani tumechoka, tunanuka matope na petroli. Wifi alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Alimtazama Kona kwanza, akaona uso wake, akashusha pumzi.

"Mmepata?"

"Tumepata," Kaka akasema. "Si kwa kaka yako."

Kisu kikasimama. Nilijiandaa, maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini Kaka akaninyooshea kidole ninyamaze, nami kwa mara ya kwanza nikanyamaza.

"Lakini mlifika kwake?" Wifi akauliza. "Hajambo? Umenifikishia salamu zangu?"

"Mkono wake nimeuacha," Kaka akasema. "Hata kuaga sikuaga."

Wifi aliweka kisu chini. Ameishi na Fundi Salamu miaka mingi, alijua mkono wa mtu hauachi bure. Akamtazama binti yake aliyekuwa anavua koti kwa shida, mkono mmoja kwanza, halafu ule wa pili taratibu, akiuma meno. Akaenda akamsaidia kuutoa.

Simu yake ikaanza kuita pale mezani, kati ya maganda ya vitunguu. Sote tuliona nani anapiga. Wifi alikuwa ameshika koti la Kona. Simu ikaita mpaka ikakatika, ikaanza tena, naye akaifunika kwa ubao wa kukatia.